Kwenda Kasulu Kutafuta Kamera ya Kuingia Nayo Majini

Mama alitutangazia kwamba atabatizwa tukiwa tunachambua maharage uani, nyumbani kwetu Kibondo, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Tulidhani anatania. Mama yangu, Rozalia, ameimba kwaya, amepika kwenye semina zote za kanisa, amefagia madhabahu tangu mimi sijaolewa. Lakini kila ubatizo ulipotangazwa alishikwa na homa, au alipata mgeni, au ng'ombe wa jirani waliingia shambani kwake siku hiyo hiyo. Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, mtu mzima na nguo zake, kwenye mto ulioko bondeni. Na mama haingii majini. Alipokuja kutoka Burundi akiwa msichana alivuka Malagarasi kwa miguu, maji yakamfika kidevuni. Tangu siku hiyo, maji yakizidi kifundo cha mguu yeye hugeuka akarudi alikotoka.

"Nitaingia," alisema, akitupa kijiwe alichokiokota kwenye ungo. "Ila Editha asimame majini, mbele yangu. Nikimwona yeye, nitaingia."

Editha ni mimi, na kazi yangu ni kupiga picha. Ukifunga ndoa Kibondo, au mwanao akimaliza darasa la saba, huenda umeniona nimepiga goti kwenye vumbi nikikuambia usogee kidogo kulia. Ubatizo pia ni wangu. Mchungaji hunipa kazi yote. Shida ni kwamba huwa nasimama ukingoni, na kutoka ukingoni mtu haonekani. Nina picha nyingi sana za mgongo wa mchungaji. Ule uso wa mtu anapoibuka, maji yakimtiririka na pumzi ikimrudia, sijawahi kuupata hata mara moja.

Na ubatizo haurudiwi. Harusini bwana harusi akifumba macho unamwambia amvishe bibi harusi pete tena, naye anamvisha. Mchungaji hamzamishi mtu mara ya pili kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Kwa hiyo mama aliposema nisimame majini mbele yake, mambo mawili yalinijia kwa pamoja. Kwanza, moyo ulinienda mbio kwa furaha. Pili, nilijua kamera yangu haiwezi kuja huko.

Niliulizia, nikaambiwa kuna mama mmoja Kasulu, Bi Zuhura, anayeletewa vitu vya umeme na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nilimpigia simu. "Ninazo," alisema. "Lakini njoo uchague mwenyewe, mwanangu. Kamera haichaguliwi kwa simu." Ubatizo ulikuwa Jumapili inayofuata.

Alhamisi asubuhi, Kibondo. Niliondoka na gari la Jeremia, jirani yetu anayepeleka asali Kasulu. Nyuma ya Probox yake ndoo zilipangwa hadi karibu na paa, na mimi mbele nilipakata ndoo moja ambayo hakuuamini mfuniko wake. "Ukiona inatoka, lamba," aliniambia. Mume wangu alikuja barabarani kuniaga, akauliza tena kwa nini nisiitie simu kwenye mfuko wa plastiki kama wafanyavyo vijana wa bodaboda mvua ikinyesha. Nilimkumbusha kwamba tulishajaribu, kwenye beseni la kufulia. Kidole kikilowa simu haisikii, na ikizama hujibonyeza yenyewe. Siku ile ilimpigia mama mkwe wangu, ikamsikilizisha maji. Mume wangu alicheka, akafunga mlango wa gari.

Nilikuwa na raha ya mtoto anayepelekwa kununuliwa viatu. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na lami ilikuwa imelowa, nyeusi. Watu wa njia hii wanakumbuka tope jekundu la zamani, gari likisukumwa na abiria waliolipia nauli yao kamili, na mpaka leo ukipita hapo kwa kasi unaona kama unaiba. Tulipita Nduta, Jeremia akiimba nyimbo za redio akikosea maneno yote.

"Kamera ya majini," alisema alipochoka kuimba. "Unakwenda kupiga picha samaki?"

"Nampiga mama."

Alinigeukia, akasahau barabara kidogo. "Mama Rozalia aingie mtoni? Hapo mimi nakuja na macho yangu mwenyewe."

"Njoo. Lakini usisimame mbele yangu."

Darajani Malagarasi nilimwomba apunguze mwendo. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mafunjo yameinama pande zote, na mtu mmoja alikuwa akiosha baiskeli ukingoni. Sijui mama alivukia wapi. Hajawahi kutuonyesha, nasi hatujawahi kumuuliza vizuri. Nilijikuta nimeshika kidevu changu, nikayatazama maji yale. Jeremia aliongeza mwendo tulipolivuka daraja.

Makere tulisimama kununua ndizi. Mama mmoja Mkongomani alinipitishia sinia dirishani. "Kamata hizi, mama, ziko bien mbivu," alisema kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa, na kweli zilikuwa zimeiva vizuri. Tulizila na asali kidogo iliyokuwa imetoka kwenye ule mfuniko.

Mchana, Heru Juu. Jeremia aliniacha Kasulu mjini, nikapanda bodaboda hadi kwa mama mdogo Skolastika, mdogo wake mama. Heru Juu ni juu kweli. Pikipiki ililalamika, upepo ukanipiga usoni ukinukia moshi na muhogo ulioanikwa. Mama mdogo alikuwa ameketi kibarazani, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Tulisalimiana kwa urefu, habari za kila mtu na za kila mbuzi, na binti yake akatuletea ugali wa muhogo na maharage yenye mawese. Ndipo nilipomweleza safari yangu.

"Rozalia anabatizwa?" Aliacha kula. "Majini?"

"Majini, mama mdogo. Jumapili."

"Na mimi mguu huu haunifikishi hata sokoni." Alinawa mkono taratibu, kana kwamba chakula kimekwisha. "Unajua kwamba siku ile tunavuka nilikuwa mgongoni kwake?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba walikuja pamoja.

"Alinifunga kwa kitenge, juu kabisa, miguu yangu ikawa mabegani kwake. Aliniambia niangalie juu. Basi mimi niliona mbingu tu. Maji aliyaona yeye." Alitabasamu, halafu tabasamu likamwishia. "Mimi namjua Rozalia kwa kisogo. Tulipotoka ng'ambo ya pili aliendelea kutembea, hakunishusha mpaka jioni. Sijui alitoka mle na uso gani. Umesema kamera yako inapiga uso?"

"Ndiyo naifuata, mama mdogo. Kesho."

"Basi nichagulie nzuri," alisema. "Nataka kuuona uso wake akitoka majini. Mwambie mchungaji wako asiuzibe."

Mpaka hapo safari ilikuwa ya mama na ya kazi yangu. Sasa ilikuwa na mtu wa tatu ndani yake, na nilihisi uzito wake, uzito mtamu lakini uzito. Nikikosea kuchagua, hakuna Jumapili nyingine.

Ijumaa asubuhi, Kasulu mjini. Duka la Bi Zuhura liko nyuma ya soko, kati ya fundi cherehani na muuza mbegu. Bi Zuhura alizaliwa Tanga, akaletwa Kasulu akiwa bibi harusi, na amekaa sana hata anapatana bei kwa Kiha. Lakini akikukaribisha unajua umekaribishwa na mtu wa pwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa majini?"

"Ndiye mimi."

"Majini nimeyasikia mengi, wengine wanataka ubani, wengine marashi. Anayetaka kamera ni wewe wa kwanza. Karibu uketi, tumalize kabla ya swala."

Alitandika kitambaa juu ya kaunta, akaziweka kamera tatu. Ndugu msomaji, moyo wangu uliruka. Mtu asiyepiga picha ataniona mwehu, lakini wewe mwenye kazi ya mikono unajua: chombo kipya kikiwekwa mbele yako, vidole huanza kuwasha.

Ya kwanza ilikuwa ya buluu, mpya, inang'aa kama kikombe cha zawadi. Boksi lake lilikuwa na mchoro wa matone ya maji, nami nikaifurahia. Bi Zuhura hakunidanganya. "Hiyo ni ya mvua na vumbi," alisema. "Inavumilia kurushiwa maji. Ukizama nayo mtazama wote wawili." Niliirudisha. Tangu siku hiyo nawaambia wenzangu wa kazi: matone kwenye boksi ni mvua, mita ndizo mto. Ikiwa boksi halitaji mita, baki nayo ukingoni.

Ya pili ilikuwa kijisanduku kidogo, ile wanayofunga waendesha pikipiki kwenye kofia. Hiyo inazama kweli, na ilikuwa nafuu. Nilimpiga Bi Zuhura picha moja. Masikio yalikimbilia nyuma, pua ikaja mbele. Aliitazama kwa muda mrefu. "Pua yangu imefika kabla yangu," alisema. Kamera ile imetengenezwa ione bonde zima kwa mkupuo, na uso kwake ni kitu kidogo. Nilimfikiria mama mdogo akipelekewa dada yake mwenye pua ya namna ile, nikaiweka pembeni.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, kingo za rangi ya chungwa, imejaa mkononi kama kipande cha sabuni ya kufulia. Pembe zake zote zilivikwa mpira. Lenzi ilikuwa ndani kwa ndani, haichomozi nje hata ukivuta picha karibu, kwa hiyo hakuna mwanya wa mchanga kupenya. Kitufe cha kupigia kilikuwa kikubwa, kimeinuka. Hata mwenye glovu angekipata. Mlango wa betri ulikuwa na kufuli mbili, unabonyeza moja kisha unasukuma nyingine. Na chini yake iliandikwa mita kumi na tano. Mto wetu ukifurika sana hufika shingoni. Nilitaka kuikumbatia.

"Hiyo imetumika," alisema Bi Zuhura. "Ilikuwa ya mgeni mmoja aliyekuwa akizamia huko Unguja. Mwanangu aliinunua kwake."

Hapo ndipo raha yangu ilipopata mchanga. Kamera za namna hii zinalindwa na mpira mwembamba unaozunguka mlango, na mpira huzeeka. Ukikauka au ukipasuka, mita kumi na tano zinabaki maandishi tu.

"Nataka kuizamisha kwanza, bibi."

"Mwanangu, kwangu kitu kikilowa kimenunuliwa. Ndio utaratibu wa duka hili tangu enzi za redio kaseti."

"Na nikiinunua, ikaja kuingiza maji Jumapili, mama yangu akiwa mtoni?"

"Na mimi nikikuachia uizamishe, ikafa, nitamuuzia nani maiti?"

Sote wawili tulikuwa na haki, na hilo ndilo lililokuwa baya. Yeye alikunja mikono, mimi nikaendelea kuishika kamera.

Wakati huo aliingia mzee mmoja kununua betri za redio. Ni mzee wa makamo ya babu yangu, koti refu, fimbo, kofia ameivua mlangoni. Alitamka, "Mwidiwe."

Sasa, wewe uliyezaliwa kwingine nikueleze. Kwetu salamu ina mikono miwili. Mwanamke akiamkiwa na mzee huinama, hupiga makofi madogo madogo, anaitika "mwidiwe, mwidiwe", kisha humshika mzee mikono yote miwili naye akamshika. Tunafundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuvaa viatu. Hakuna Muha anayefikiria kabla ya kuitika; mikono inakwenda yenyewe. Yangu ilikwenda. Niliinama, nikapiga makofi, nikaitika, na kamera ikateremka ikapiga sakafu ya saruji, ikaruka, ikapiga tena.

"Inna lillahi," alisema Bi Zuhura polepole.

Mzee alikuwa bado amenishika mikono, na kwa kuwa salamu ilikuwa haijaisha, nililazimika kumalizia habari za nyumbani kwake huku nikiitazama kamera sakafuni. Aliniachia ilipokwisha.

"Mwana wanje, mwanangu, umekiangusha?"

"Nimekiangusha, mzee wangu."

"Basi umeniamkia vizuri," alisema. "Wengine siku hizi wananiamkia wameshika simu."

Niliiokota. Pembe moja ya mpira ilikuwa na mkwaruzo mweupe. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Bi Zuhura aliichukua kwangu, akaiwasha mwenyewe, akampiga mzee picha. Ikatoka safi, na kofia mkononi. Aliitikisa karibu na sikio lake, haikulia. Nilimwona usoni akipigana na nafsi yake, na nafsi ikashinda.

"Utaratibu wangu ulikuwa wa kulowa," alisema. "Kuanguka sikukuwekea sharti. Lakini kama hii imevumilia saruji, na mimi sasa nataka kuona." Akainuka, akaingia nyuma, akarudi na beseni la maji.

Kabla haijaingia niliomba kwanza kuufungua mlango. Ilikuwa vizuri nilivyoomba. Kwenye mpira palikuwa na vumbi letu jekundu, na unywele mmoja, mfupi, umelala katikati. Unywele mmoja unatosha kuyaita maji ndani. Niliufuta mpira kwa kitambaa laini, nikaupitishia kidole polepole kote. Ulikuwa mlaini, haujapasuka popote. Nikafunga, kufuli ya kwanza, ya pili. Bi Zuhura akaizamisha kwa mikono yake mwenyewe, bangili zote ndani.

Viputo vilitoka. Mzee akasogea, akainama. Viputo vikawa vichache, vikaisha, na tukaona vilikuwa vimetoka kwenye kitundu cha kamba ya mkononi. Niliingiza mkono humo ndani, kidole kikakipata kile kitufe, nikabonyeza.

Tuliipangusa, tukaiangalia. Picha ilikuwa imepigwa kutoka chini ya maji kwenda juu: nyuso zetu tatu zimeinamia beseni, Bi Zuhura na ushungi wake, mzee mdomo wazi, mimi macho yamenitoka, na nyuma yetu dari la duka linatikisika. Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Bi Zuhura alikataa kuniachia kamera mpaka nimwahidi nakala ya picha hiyo. Bei sitaitaja hapa, maana mume wangu naye husoma. Niseme tu kwamba aliniongezea kamba yenye sponji ya kuifanya ielee, na akaondoka kwenda kuswali akiwa bado anacheka.

Jumamosi, njiani kurudi. Jeremia alikuwa ameuza asali yote, gari limekuwa jepesi na yeye pia. Mvua ilitukuta kabla ya Mvugwe, nami nikashusha kioo, nikautoa mkono nje na kamera, nikapiga mvua. Nikapiga lami, nikapiga mbuzi waliojikinga chini ya mabati, nikampiga Jeremia akinilaani kwa kumlowesha kiti. Sijawahi kuwa huru namna ile na chombo cha kazi. Darajani sikupiga picha.

Nyumbani nilimkuta mama anapiga pasi gauni lake jeupe. Aliigeuza kamera mikononi, akanirudishia. "Ndogo," alisema. Alikuwa hajala tangu asubuhi, alisema anafunga, lakini sikumwamini kwamba ni kufunga peke yake.

Jumapili, mtoni. Tulishuka bondeni kwaya ikitangulia na ngoma. Ukungu ulikuwa umeondoka, nyasi zinang'aa, na watu walijaa ukingoni, Jeremia akiwa mbele kabisa. Mimi niliingia kwanza, kitenge nimekifunga kiunoni, nikazunguka upande wa kina ili wanaobatizwa wanielekee. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Nilifuta mlango wa kamera mara ya mwisho, nikaikagua, nikaiinua usoni.

Na nyuso zikaja. Kijana mmoja aliibuka akikohoa na kucheka kwa wakati mmoja. Mama mmoja aliibuka akiwa tayari anaimba, ubeti ule ule aliouachia chini. Kila nilipobonyeza nilijua nimepata. Kamera ilirushiwa maji, ikazamishwa, ikagongwa na kiwiko cha mchungaji, na haikujali. Nilikuwa nalia kwa furaha, na majini hakuna aliyeona.

Halafu ikafika zamu ya mama. Alishuka ukingo ameshikwa na mzee wa kanisa. Maji yakafika kifundoni, akasimama. Kwaya ilirudia ubeti, ikaurudia tena. Mchungaji alimnyooshea mkono, hakuupokea. Nilimwona kwenye kioo cha kamera akigeuza kichwa huku na huku.

"Editha yuko wapi?"

"Niko hapa, mama. Mbele yako."

"Sikuoni. Naona hicho kidude tu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama mahali aliponiambia nisimame, kisha nikajificha. Ile picha nilikuwa nimeifuata Kasulu, nilikuwa nimemwahidi mama mdogo, na nilijua nikiondoa macho kwenye kioo siwezi kujua ninapiga nini. Nyuma ya mama, mzee wa kanisa alikuwa ameanza kumgeuza taratibu, kumrudisha. Niliishusha kamera mpaka kifuani, ikakaa juu kidogo ya maji.

"Sasa?"

"Sasa nakuona," alisema mama, akaingia.

Alikuja ananitazama bila kupepesa, magoti, kiuno, kifua. Nami sikuondoa macho yangu kwake. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe, kinakihisi. Mchungaji alisema maneno yake, akamlaza, na maji yakamfunika mama yangu. Nilipatazama pale alipopotelea. Kidole kilibonyeza, nadhani kilibonyeza mara nyingi. Akaibuka, akavuta pumzi kubwa yenye sauti, akasema, "Yoo," akanishika mikono yote miwili pale pale mtoni, kamera ikaning'inia kwenye kamba yake ikielea kati yetu.

Sikuthubutu kuziangalia picha mpaka nimetoka, nimejipangusa, nimekaa kwenye nyasi. Ya kwanza ilikuwa kiwiko cha mchungaji. Iliyofuata, maji. Iliyofuata, anga na kipande cha sikio. Nikaendelea, na kisha nikafika kwenye moja ambapo mama amejaa picha nzima. Maji yanamtoka kwenye nyusi na kidevu, mdomo uko wazi, na anacheka, mama yangu ambaye kwenye picha zake zote za vitambulisho amekunja uso kama anayedaiwa. Macho yako wazi kabisa. Hayaitazami lenzi, yanatazama juu yake kidogo.

Wanaotaka kununua kamera ya majini huniuliza, nami huwaambia niliyojifunza: angalia mita, chunguza mpira wa mlango, uupanguse kila mara kabla hujafunga. Lakini kwanza funga macho dukani, uone kama kidole chako kinakipata kitufe. Ichague ambayo inaweza kufanya kazi ikiwa kifuani, ili uso wako ubaki mahali pake, maana kuna mtu atauhitaji.

Jioni ile niliituma picha kwenye simu ya binti wa mama mdogo, kule Heru Juu. Baada ya muda simu yangu ililia. Mama mdogo hakunisalimu, na si kawaida yake.

"Hapa juu anatazama nini?"

"Ananitazama mimi, mama mdogo. Hakutaka kuingia mpaka anione."

Nikasikia kuku wake, na binti yake akimuuliza kama simu imekatika.

"Siku ile tunavuka," alisema mama mdogo, "mbele yake hapakuwa na mtu."